Pikipiki Yangu Inakula Mchana

Nyaya kubwa za stima zinapita juu ya mbuzi wetu. Zinatoka upande wa bwawa la Masinga, zinavuka shamba letu la mtama, zinavuka korongo, zinaenda zao Nairobi. Ukisimama chini yake wakati upepo umetulia unazisikia zikivuma kidogo, kama mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo. Nimezisikia hivyo tangu utotoni. Na nyumbani kwetu, hapo hapo karibu, nilisoma kwa koroboi mpaka nikaacha shule kidato cha pili. Kwa hivyo mtu akiniambia pikipiki ya stima haiwezi kukaa mahali pasipo na stima, mimi humjibu kwamba stima iko. Imetupita tu bila salamu.

Pikipiki ya aina hiyo nilianza kuiendesha nilipokuwa nikikaa Katelembo, ikiwa ya mtu mwingine. Kabla ya hapo nilikuwa mjengo, nikibeba mawe na kuchanganya simiti. Kule karibu na Athi River mambo ni rahisi: betri ikiisha unaingia stesheni, unaiacha, unachukua nyingine iliyojaa, unaondoka kabla abiria hajachoka kusubiri. Nilichokipenda zaidi ni ukimya. Ukimbeba mama mzee unaweza kumsikia. Pikipiki ya petroli ilinifundisha kupaza sauti. Hii ilinifundisha kusikiliza. Nilibeba hadithi nyingi mgongoni mwangu mwaka ule, na nyingine bado ninazo.

Lakini mama alikuwa peke yake nyumbani, na goti lake lilikuwa limeanza kukataa mlima wa kwenda kuchota maji. Hakuniambia. Niliambiwa na jirani. Nikaamua kurudi, na nikaamua sitarudi mikono mitupu. Nilinunua pikipiki ya stima kwa mtu aliyekuwa anahama, na paneli nne kubwa za sola kutoka kwa shamba la kuku lililofungwa. Nikazipeleka kwa fundi mmoja mjini Machakos anitafutie kontrola, kile kisanduku cha kupanga moto wa jua ulingane na ule wa betri.

Fundi akaniuliza, "Unaipeleka wapi hii?"

"Masinga. Ndani ndani."

"Kuna stesheni ya kubadilisha betri huko?"

"Hakuna."

"Kwenu kuna stima?"

"Inapita juu."

Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Halafu akaniambia, "Kijana, wewe ni mwendawazimu. Leta hizo waya nikuonyeshe, usije ukajichoma."

Alinionyesha kutwa nzima, na jambo moja alilirudia mara tatu. Paneli zako, alisema, nimeziunganisha kama watu walioshikana mikono kwa mstari. Mmoja akisimama, wote wanasimama. Ukiweka kivuli kwenye moja, usifikiri umebaki na tatu. Nilimwambia nimeelewa. Na kweli mimi nilielewa. Sikufikiria kwamba nyumbani kuna mtu mwingine aliyehitaji kuambiwa.

Nilizifunga juu ya paa la banda la mbuzi. Paa ni fupi, ili niweze kufikia na kupangusa vumbi, na kwetu jua hukaa kichwani, kwa hivyo zililala karibu bapa kama meza. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa, anga likiwa safi, betri inajaa. Nilipanga siku yangu ifuate hiyo: alfajiri nabeba walimu na watu wa sokoni, saa nne narudi nyumbani kuchaji, saa tisa natoka tena mpaka jioni. Siku ya kwanza taa ya kijani iliwaka nikaruka nikapiga kichwa kwenye boriti. Mbuzi walinitazama vibaya.

Shida haikuwa jua. Shida ilikuwa stejini.

Steji yetu iko pale barabara ya vumbi inapoachana na ile ya kwenda Kithyoko. Kibanda cha miti, paa la mabati, benchi mbili. Huwezi kubeba abiria hapa kama hauko kwenye orodha ya steji, na wanaoamua nani awe kwenye orodha ni wanachama wenyewe. Walinipokea kwa sababu marehemu baba alijulikana, lakini walinipokea wakicheka. Kulikuwa na jamaa mmoja wa jaketi jekundu, mdomo wake haufungwi, ambaye kila nikifika aliinua mkono kama anayesimamisha gari.

"Nyamazeni, jamani, friji imefika!"

"Friji inakusalimu," mimi humjibu.

"Leo imekula? Ama bado inaota jua kama kenge?"

"Imekula. Yako imekunywa? Naona umeipiga mateke mara sita haijaamka."

Hapo wenzake walimcheka yeye, na mimi nilikaa kwenye benchi nikijiona mshindi. Sikuona ubaya. Mtu akikuchokoza kila siku, ujue amekuzoea.

Mwenyekiti ndiye hakuwa anacheka. Ni mtu mzima, aliyewahi kuendesha lori miaka mingi, anayeongea polepole akiwa anaangalia barabara. Alinipeleka pembeni wiki ya kwanza.

"Mimi sina neno na pikipiki yako," akasema. "Niko na neno na zamu."

Zamu ndiyo fahari ya steji yetu. Kila siku mmoja wetu anakaa pale kibandani kuanzia alfajiri mpaka jioni, hachukui safari za mbali, anangoja simu. Mtu akiugua vijiji vya ndani, mama akishikwa na uchungu, mtoto akiungua na uji, anapiga simu na mwenye zamu anaondoka hapo hapo kumpeleka kituo cha afya. Hakuna gari huko ndani. Kuna sisi tu. Mtu anaweza kusamehewa ulevi, anaweza kusamehewa hata kuiba abiria wa mwenzake. Akikosa zamu, anatolewa.

"Siku ya zamu yako," mwenyekiti akaniuliza, "mama akishikwa saa saba mchana, utamwambia asubiri ushibe jua?"

"Siku hiyo nitakuja nikiwa nimejaza jana yake. Sitasogea hapa."

"Haya. Mara moja tu, kijana. Ukishindwa mara moja nitakutoa, na sitakuwa na furaha."

Nilijua akinitoa itakuwaje. Bila steji pikipiki ni pambo. Ningelazimika kuirudisha Athi River, na mimi nirudi nayo, na mama abaki na mlima wake na mitungi yake. Nilimwangalia usoni nikamwambia, "Hutanitoa."

Siku moja kabla ya zamu yangu ya kwanza nilichomeka pikipiki saa nne asubuhi kama kawaida. Mjomba alikuwa ameniita nikamsaidie kuhamisha tangi la maji, kazi ya watu wanne, nikaenda kwa miguu. Pikipiki nikaiacha bandani, waya umeingia, taa nyekundu inawaka, jua kali la kukausha macho. Niliondoka nikipiga mluzi.

Nilirudi saa kumi. Taa bado nyekundu. Kioo kinasema asilimia ishirini na nane.

Nilizunguka banda kama mtu aliyepoteza mtoto. Waya sawa. Kisanduku sawa. Ndipo nikainua macho. Juu ya paneli mbili za upande wa chini kulikuwa na gunia limetandazwa vizuri, pembe nne zimewekewa mawe madogo, na juu ya gunia ndengu, mavuno yote ya msimu, zimesambazwa kwa kiganja mpaka zimelingana. Mama alikuwa ameketi kando kwenye kigoda, kijiti mkononi, anafukuza ndege.

"Mwaitu," nikamwita, kama tunavyowaita mama zetu, "hii ni nini?"

"Umerudi? Ona vile zimekauka. Chini kuku wananisumbua, mbuzi wananisumbua. Hapa kuko juu, kuko moto, kuko safi. Nilikuwa najiuliza kwa nini meza nzuri hivi inakaa tupu kutwa nzima."

Ningesema nini? Kwetu kitu chochote bapa kinachopigwa na jua ni mahali pa kuanika. Jiwe, paa, kaburi la simiti, lami yenyewe. Mimi mwenyewe nikiwa mdogo nilitumwa kuanika maharagwe juu ya boneti ya gari bovu la jirani. Mama hakufanya kosa lolote ambalo mama mwingine wa huku hangefanya. Nilimsaidia kuzikusanya. Nilipomweleza kwamba jua lilikuwa chakula cha pikipiki na yeye alikuwa ameanika juu ya sahani yake, alifunika mdomo kwa leso.

"Na kesho ni ile siku yako?"

"Ni kesho."

"Waambie basi."

Hapo ndipo kosa langu lilipoingia, na hili si la mama, ni langu. Sikuwaambia. Ningepiga simu jioni ile ile nibadilishane zamu na mwenzangu, lingekuwa jambo dogo. Lakini kichwani nilimwona jaketi jekundu akicheka, nikamsikia mwenyekiti akisema mara moja tu, nikaona bora nifunge mdomo. Nilijiambia siku nyingi zamu hupita bila simu. Asubuhi niliketi kwenye benchi na asilimia ishirini na nane zangu, nikizungumza sana, nikicheka sana.

Simu iliita mchana. Mwanamume wa upande wa vilima, sauti imekatika, mke wake ameshikwa tangu asubuhi na chupa ya uzazi imepasuka. Nilipiga hesabu nikiwa nimeshika simu sikioni. Kupanda mpaka kwake, kushuka mpaka kituo cha afya, na watu wawili juu. Nilipiga hesabu mara mbili nikitafuta pa kuidanganya. Haikutosha. Ingetuzimia mahali fulani kwenye mchanga wa korongo, mbali na kila kitu, mama yule akiwa ameketi nyuma yangu.

Watu wote kibandani walikuwa wananiangalia.

"Sina betri," nikasema. "Haitafika. Nani ataenda?"

Jaketi jekundu ndiye aliyesimama. Hakusema friji. Alichukua simu mkononi mwangu akamwambia yule bwana, "Nakuja, ndugu, mwambie nakuja," akaipiga teke pikipiki yake mara moja tu ikaamka, akapotea kwenye vumbi. Wengine waligeuka wakaangalia barabara. Ningelipa chochote wanicheke.

Mtoto alizaliwa jioni, kwenye kituo cha afya, salama. Msichana. Ilitangazwa kwamba kesi yangu itasikizwa Jumapili baada ya kanisa.

Jumamosi nilipanda vilima kwa miguu kwenda kumwona mama yule. Sikujua nitasema nini. Nilibeba ndengu kwenye mfuko, maana ndizo zilizokuwa nyumbani, na nilipofika niliona aibu kuzitoa. Alikuwa ameketi mlangoni, mtoto amefungwa kwenye shuka, macho yake yamechoka lakini yanacheka.

"Wewe ndiye wa stima," akasema. "Mume wangu alisema umekataa kuja."

"Sikukataa. Haingefika."

"Ingezimia wapi?"

"Korongoni, nafikiri."

Alimrekebishia mtoto kitambaa. "Kwenye ule mchanga? Na jua lile? Basi asante kwa kutonibeba." Akanyoosha mkono akachukua mfuko wa ndengu mwenyewe. "Lakini ungesema asubuhi, si mimi nikiwa nalia."

Alisema ukweli, bila ukali. Nilimshika mtoto kidogo, nikashuka mlima nikiwa nimeamua. Nitakubali kosa. Kutolewa sitakubali.

Jumapili tulikuwa kumi na watano hivi kibandani. Mwenyekiti alisema mambo machache. Kanuni ni kanuni, simu ilikuja, mwenye zamu hakwenda.

"Kuna neno?" akauliza.

Nilisimama. "Nilikosa kuwaambia asubuhi. Hilo ni langu na nitaadhibiwa. Lakini mnataka kunitoa kwa kosa langu ama kwa pikipiki yangu? Mwaka jana hapa petroli ilikosekana siku tatu, na mwenye zamu alimsukuma mgonjwa kwa mkokoteni. Alitolewa?"

"Hiyo ni tofauti," mmoja akasema.

"Tofauti gani? Yake iliisha petroli, yangu iliisha jua. Na petroli inatoka nchi za mbali sana. Jua liko hapo juu ya kofia yako."

Watu walianza kunung'unika, wengine wakicheka. Hapo ndipo nilipomwona mama akija barabarani na nguo zake za kanisani, akikokota lile goti. Wanawake hawaji kwenye mikutano yetu. Aliingia kibandani, mmoja akampisha kwenye benchi, akakataa kuketi.

"Ni mimi nilianika ndengu," akasema. "Juu ya zile meza za jua. Huyu hakuwa nyumbani. Mkitaka kumfukuza mtu, nifukuzeni mimi."

Mwenyekiti alivua kofia. "Mwaitu, wewe si mwanachama."

"Basi hamwezi kunifukuza."

Jaketi jekundu aliangua kicheko mpaka akashika nguzo, na kibanda kizima kikamfuata. Mwenyekiti alijaribu kukaza uso, ukamshinda. Alipopata sauti aliuliza nani anataka nitolewe. Mikono iliinuka minne. Nani anataka niadhibiwe nibaki? Jaketi jekundu aliinua wa kwanza. Baadaye nilimuuliza kwa nini, akaniambia, "Nitamtania nani?"

Adhabu kwa kawaida yetu huwa ni kazi ya steji. Paa la kibanda lilikuwa limeoza, mvua ya mwisho ilitunyeshea sote tukiwa ndani. Mwenyekiti akasema nitaliezeka upya, peke yangu.

"Kwa mabati?" nikauliza.

"Kwa chochote. Kisivuje tu."

"Umesema kwa chochote?"

"Kijana, usinipotezee Jumapili."

Jumatatu nilishusha paneli zangu nne kutoka kwa banda la mbuzi. Nilizileta moja moja kwa mkokoteni wa punda wa mjomba, nikiwa nimezifunga kwa godoro. Nilitoa mabati yaliyooza, nikaimarisha mbao, nikazilaza paneli juu kama paa, na kwenye viungo nikapiga vipande vya bati na lami ya moto ili maji yasipite. Nilimwaga mitungi miwili ya maji juu mbele ya mwenyekiti. Hakuna tone lililoanguka. Kisanduku nikakifunga kwenye nguzo, waya ukashuka mpaka pale ninapoegesha.

Wakati huo wote walikuwa wamesimama wananiangalia, na vichekesho vyao vimekauka. Mmoja wa wale wanne waliotaka nitolewe akapata neno.

"Na zikiibiwa?"

"Zikiibiwa," nikamwambia, "mtanyeshewa."

Mwenyekiti alizunguka kibanda akiangalia juu. Nafikiri alikuwa anatafuta mahali nilipomdanganya, asipaone. Paa lilikuwa paa. Alienda akachukua nyororo ya lori lake la zamani, akaileta na kufuli, akasema nizungushie.

Sasa sihitaji kurudi nyumbani mchana. Niko kwenye laini, pikipiki inakula huku nikingoja abiria, na siku ya zamu inaweza kuwa kwenye waya mpaka simu ilie. Lakini sitasema uongo kwamba mambo ni mteremko. Ninaandika haya mwezi wa saba, na huku mwezi wa saba ni wa mawingu. Kuna siku anga linafunikwa kutoka asubuhi kama sufuria, na mpaka jioni betri imepanda nusu tu. Siku hizo nabeba watu wachache. Siku ya kuamkia zamu sibebi mtu kabisa, hata akiwa mlangoni kwangu, hata akinitukana. Naiacha imejaa, ikae. Asubuhi nafika nasema asilimia yangu kwa sauti, mbele ya kila mtu, kabla sijaulizwa. Walipoanza kusikia hivyo, wenye petroli nao wakaanza kutikisa tangi zao na kusema walicho nacho. Imekuwa desturi. Sikuiomba.

Nimebeba wagonjwa watano tangu hapo. Mzee mmoja mwenye pumu aliniambia, tukiwa kwenye mteremko, kwamba kwa mara ya kwanza amejisikia akipumua njiani.

Wale wanne bado wanasubiri nishindwe. Wanaangalia mawingu kuliko mimi. Wiki iliyopita mwenyekiti alikuja na karatasi ya zamu za mwezi ujao, akasimama chini ya paa langu akisoma. Jumatatu fulani, Jumanne fulani.

"Jumatano," akasema, "wa jua."

Mmoja wa wale wanne alicheka puani, akaonyesha anga, ambalo lilikuwa jeusi kweli. Nikamwangalia mpaka akamaliza. Kisha nikasimama, nikafuta vioo vya pikipiki, nikamwambia mwenyekiti asilimia yangu, akaiandika pembeni ya karatasi, akaendelea na Alhamisi.